Moyo Nao Uhudhurie

 

Kila alasiri kabla ya darasa kuanza, mwalimu hufungua daftari la mahudhurio. Anaita jina, mwanafunzi anaitika "Naam", mwalimu anatia alama. Daftari halijui zaidi ya hapo. Halijui kwamba aliyeitika macho yake yako kwenye msahafu lakini fikra zake ziko uwanjani, kwenye mechi iliyokatishwa na mvua jana. Halijui kwamba yule wa safu ya nyuma anawaza mtihani wa hesabu wa Jumatatu. Wote wawili wameandikwa kuwa wamehudhuria.

Neno hili, kuhudhuria, tumelipata kutoka Kiarabu, na wanavyuoni wetu wana msemo wanaoutumia sana katika vitabu vya ibada: hudhuurul-qalb, yaani kuhudhuria kwa moyo. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111 Miladia), alipotaja katika Ihyaa Uluumid-Diin mambo sita ya ndani yanayoipa swala uhai wake, alianza na hilo. Maana yake kwake ni kwamba moyo uwe pamoja na kile ambacho mtu anakifanya na kukisema wakati huo, usitangetange kwingine.

Kinyume chake ni kughafilika. Sisi Waswahili tunasema mvua imenyesha ghafla, au fulani amefariki ghafla, na mzizi wa neno hilo ni huo huo wa kughafilika. Ukitazama vizuri utaona kwamba mara nyingi jambo lenyewe lilikuwa njiani siku zote. Sisi ndio tuliokuwa tumeghafilika nalo.

Basi somo letu ni hili: vipi mtu atajifunza kuwapo pale alipo, katika saa aliyonayo, swalani, darasani na nyumbani.

JANA NA KESHO

Mtume (S.A.W.) alikuwa akikithirisha dua ya kujikinga kwa Allah na mambo kadhaa, na mawili ya mwanzo ni hamm na hazan. Ameipokea Bukhari kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.), ambaye alikuwa mtumishi wa Mtume na akiisikia mara kwa mara. Wanavyuoni, akiwemo Ibnul-Qayyim, wameyatofautisha maneno haya mawili: hazan ni huzuni juu ya lililokwisha pita, na hamm ni wasiwasi juu ya lijalo. Yote mawili humwondoa mtu pale alipo na kumpeleka mahali ambapo mikono yake haifiki. Na tazameni kinachofuata katika dua hiyo hiyo: kushindwa na uvivu. Mtu ambaye nusu yake iko jana na nusu yake iko kesho, atabaki na nini cha kufanyia kazi ya leo?

Tuanze na jana. Kuhuzunika si dhambi. Nabii Yaaqub (A.S.) alimlilia mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe, kama tunavyosoma katika Surat Yusuf. Na Mtume wetu (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi mbele ya swahaba zake, na akawaeleza kuwa jicho hulia na moyo huhuzunika, ila ulimi hausemi lisilomridhisha Mola. Kumlilia maiti wako siku ya msiba si kuishi jana, bali ni kuwapo katika jambo lililokufika leo.

Kilichokatazwa ni neno dogo la Kiarabu, lau, ambalo kwetu ni "laiti" na "ingekuwa". Katika hadithi ya Abu Huraira (R.A.) iliyopokewa na Muslim, Mtume (S.A.W.) anatuhimiza tupupie lenye manufaa, tumtake Allah msaada wala tusijitie unyonge, na tukifikwa na jambo tusirudi nyuma kusema laiti ningefanya kadha wa kadha, kwani neno hilo linamfungulia shetani mlango wa kazi yake. Mlango huo tunaujua. Katika mitaa yetu ziko nyumba ambazo mtoto alishikwa na homa usiku, akapelekwa hospitali asubuhi, akafariki. Miaka inapita, na mama bado anasema moyoni: laiti tungeondoka usiku ule ule. Mama huyu haambiwi asahau. Anaambiwa kwamba lile lilikuwa katika makadirio ya Allah, na kwamba mtoto wake wa pili amekaa mkekani na juzuu yake, anangoja kusikilizwa, leo hii.

Kuchukua funzo ni jambo jingine kabisa. Ukishajua kwamba homa ya mtoto mdogo haingojwi kupambazuke, basi mwingine akiugua utatoka usiku. Funzo lina kazi ya kufanya, lau haina. Hata dhambi ya jana sheria imeigeuza ikawa kazi ya leo, kwa tawba: unaiacha sasa, unajuta sasa, unaazimia sasa kutoirudia, na kama ulichukua haki ya mtu unairudisha.

Ama kesho, asije mwanafunzi akamwambia mama yake kwamba amesoma gazetini aishi leo tu, hivyo hana haja ya kujiandaa na mtihani! Nabii Yusuf (A.S.) aliwafundisha watu wa Misri waweke akiba ya nafaka katika miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya ukame. Surat Al-Hashr, aya ya 18, inaiamrisha kila nafsi itazame ilichokitanguliza kwa ajili ya kesho yake. Kupanga ni kazi ya leo, na kuna mwisho: umeandika ratiba, umefunga daftari, umemaliza. Wasiwasi hauna mwisho. Mtu anaweza kuwa na wasiwasi wa mtihani mwezi mzima asifungue kitabu hata siku moja.

Tukishapanga, Qur'ani katika Surat Al-Kahf, aya ya 23 na 24, inatufundisha tusiseme tutafanya jambo kesho bila ya kuliambatanisha na kutaka kwake Allah. Hapa niseme kidogo. "Inshaallah" ya mitaani kwetu mara nyingi imekuwa namna ya kukataa kwa adabu. Fundi akikwambia "kesho inshaallah", unajua kanzu haitakuwa tayari kabla ya Idi. Neno lenyewe si la kutorokea. Anayelisema amekwisha azimia na kujiandaa, halafu anakiri kwamba kesho haiko mkononi mwake.

Wengi wenu mmehifadhi Hadithi Arobaini za Imam Nawawi. Ile ya 40 ni ya Ibn Umar (R.A.): Mtume (S.A.W.) alimshika bega, akamwambia awe hapa duniani kama mgeni au mpita njia. Naye Ibn Umar akawa akiwausia watu kwamba aliyefika jioni asiingojee asubuhi, na aliyefika asubuhi asiingojee jioni, achukue katika uzima wake na uhai wake yale yatakayomfaa siku ya ugonjwa na siku ya mauti. Tazameni vile vile jinsi alivyofundishwa. Bega lake lilishikwa kwanza, ili awepo mzima mzima wakati maneno yanaposemwa. Walimu tuna la kujifunza hapo.

Naye Ibn Ataillah wa Iskandaria, aliyefariki mwaka 709 Hijria (1309 Miladia), alihesabu kuwa ni upumbavu wa nafsi mtu kuiweka amali mpaka apate nafasi. Tunamjua mtu huyo. Ataanza kuswali Ramadhani ikiingia, na kuhifadhi atahifadhi shule zikifungwa. Shule zinafungwa, na anasema akili inataka kupumzika kwanza.

CHUO CHA MARA TANO KWA SIKU

Allah (S.W.) hakutuachia jambo hili liwe nasaha tu. Ametupa mazoezi, tena mara tano kila siku.

Zingatieni nyakati zenyewe. Adhuhuri humkuta mtu dukani au kazini, Alasiri humkuta mtoto yuko mbioni kuteremka kucheza, na Alfajiri hutukuta pale usingizi unaponoga. Wala hazifuati saa ya ukutani, bali jua. Kwetu pwani, karibu na ikweta, Magharibi husogea kwa takriban nusu saa tu mwaka mzima, na ndiyo maana tunaizoea hata tukaacha kuinua macho. Jamaa zetu walioko London, Disemba jua linawachwea kabla ya saa kumi alasiri, na Juni linawachwea baada ya saa tatu usiku. Wao hawawezi kuswali kwa mazoea. Kila siku hawana budi kuuliza: sasa ni wakati gani?

Mazoezi huanza kwenye udhu. Maji yanapita juu ya viungo vile vile, kwa mpango ule ule. Lakini tazama foleni kwenye mabomba ya msikiti wowote, uone wangapi wanatawadha huku wakiendelea na mazungumzo ya barazani. Mtu amefika miguuni, ukimuuliza kama amepaka maji kichwani hana hakika. Kimya cha dakika mbili pale bombani kinasaidia kuliko hotuba ndefu juu ya khushui.

Kisha tunaingia kwenye swala, na adui yetu huwa yuko hapo hapo. Mtume (S.A.W.) ametueleza, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba shetani hukimbia asisikie adhana, hurudi ikimalizika, hukimbia tena ikikimiwa, kisha hurudi akapenya baina ya mtu na nafsi yake, akimkumbusha hiki na kile ambacho hakuwa akikikumbuka kabla, mpaka mtu asijue ameswali rakaa ngapi. Nani kati yetu hakuwahi kukumbuka ufunguo uliopotea akiwa katika rakaa ya pili? Shetani hahitaji kukuletea ovu. Jambo jema linamtosha, maadamu si la wakati huo.

Hasara yake ni kubwa. Ammar bin Yasir (R.A.) amepokea kwa Mtume (S.A.W.), katika Sunan ya Abu Daud, kwamba mtu huondoka kwenye swala yake akiwa hakuandikiwa ila sehemu moja ya kumi, au ya tisa, au ya nane, mpaka kufikia nusu. Wawili wamesimama bega kwa bega nyuma ya imamu mmoja, na mmoja anarudi nyumbani na nusu, mwenzake na ushuri.

Dawa yake ameionyesha Mtume mwenyewe, na ni dawa ya mtu anayewajua wanadamu. Bi Aisha (R.A.) ameeleza kwamba aliswali na nguo yenye nakshi, nakshi zikamvuta macho. Alipomaliza akaamrisha nguo ile apelekewe Abu Jahm, na aletewe iliyo tupu badala yake. Hakusema kwamba moyo wa Mtume hauwezi kushughulishwa. Aliiondoa nguo. Basi sisi tunaoswali na simu mfukoni, ambayo haina nakshi bali ina sauti na mtetemo, tunasubiri nini? Iache nyumbani, au izime kabla ya kukimu.

Na chakula vile vile. Hadithi ya Bi Aisha iliyopokewa na Muslim inakataza kuswali chakula kikiwa kimeletwa, na Bukhari amepokea kwamba Ibn Umar alikuwa akiandaliwa chakula na swala ikikimiwa, asiondoke mpaka amalize, huku akikisikia kisomo cha imamu. Ibn Umar huyu huyu wa hadithi ya mgeni! Hakuwa mtu wa kuidharau jamaa. Alijua kwamba ukiswali na moyo umeuacha kwenye sahani, umeikosa swala na chakula umekiacha kipoe.

Jambo moja lisije likafahamika vibaya. Kuhudhuria kwa moyo hakumfanyi mtu kuwa kiziwi. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiingia katika swala akikusudia kuirefusha, kisha akisikia kilio cha mtoto akaifupisha, kwa kumhurumia mama wa mtoto aliyekuwa akiswali nyuma yake. Moyo uliohudhuria mbele ya Mola wake ndio uliomsikia mtoto. Mzee anayewafokea watoto msikitini kwa hoja ya khushui naye aizingatie hadithi hii.

Na kwenye Qur'ani, nyinyi wa juzuu Amma, punguzeni mbio. Mashindano ya nani amefika wapi yana faida yake, na walimu ndio tunaoyachochea. Lakini Abu Dharr (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alisimama usiku mzima mpaka asubuhi na aya moja tu akiirudia, ile ya 118 katika Surat Al-Maida. Jifunze maana ya Al-Faatiha neno kwa neno. Utaisoma angalau mara 17 kwa siku katika swala za faradhi pekee. Si rahisi moyo kukaa na maneno usiyoyaelewa, hata ukiulazimisha.

SINIA, SIMU NA MGENI

Umar bin Abi Salama (R.A.) alikuwa kijana mdogo aliyelelewa nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), na wakati wa kula mkono wake ulikuwa ukizunguka sahani nzima. Mtume akamfundisha mambo matatu: ataje jina la Allah, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Hadithi hii tunaifundisha watoto wa darasa la mwanzo kabisa, kisha tunadhani tumekwisha kuielewa. Siku hizi mikono imetulia, ila macho ndiyo yanayozunguka. Familia imezunguka sinia moja la wali, baba anatazama simu yake, kijana anatazama yake, na mama aliyesimama jikoni tangu asubuhi hajui kama mchuzi umekolea chumvi au la, maana hakuna aliyeuonja kwa moyo.

Imesimuliwa katika sifa za Mtume (S.A.W.), alizozikusanya Tirmidhi, kwamba alipomgeukia mtu alimgeukia kwa mwili wake wote. Hakumpa shingo peke yake. Mzazi ajaribu hivyo mara moja mtoto akija kumweleza jambo la shule: aweke chini alichoshika, amgeukie. Pengine maneno ya mtoto hayazidi dakika tatu. Na nyinyi watoto, wengi mna baba au kaka anayefanya kazi Maskati au Dubai, na anapiga simu siku ya Ijumaa. Amengoja juma zima asikie sauti zenu. Kumjibu "ndiyo, ndiyo" huku mnaangalia televisheni ni kumwacha azungumze peke yake baharini.

Wataalamu wa nafsi nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Harvard huko Marekani, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walitoa matokeo ya watu wazima 2,250 walioulizwa kwa simu, katika nyakati mbalimbali za siku, wanafanya nini na wanawaza nini. Karibu asilimia 47 ya nyakati hizo mawazo yao yalikuwa kwingine, na kwa jumla hawakuwa na furaha kama pale mawazo yalipokuwa kwenye walichokifanya. Hata waliowaza mambo ya kupendeza hawakuwashinda kwa furaha waliokuwa na kazi yao. Wako pia wanaofundisha kwa malipo namna ya kutulia na kuizingatia pumzi. Sisemi hakuna faida. Ila Mwislamu anatulia mbele ya Mwenye kumwona. Ndiyo ihsani katika ile hadithi ya Jibril mliyoihifadhi: umwabudu Allah kana kwamba unamwona, na kama humwoni, basi Yeye anakuona.

SAA HII NA SAA ILE

Mwanafunzi mwenye bidii akisoma mpaka hapa huenda akakata tamaa. Atajaribu Alasiri ya leo, na kabla ya rukuu ya kwanza moyo utakuwa umekwisha toka. Basi na asome kisa cha Handhala (R.A.), mmoja wa waandishi wa Mtume. Alitoka kwake akijiona mnafiki, kwa sababu mbele ya Mtume aliiona Pepo na Moto kana kwamba viko machoni, na akirudi kwa mke na watoto na mashamba akasahau mengi. Alimkuta Abubakar (R.A.) njiani, naye akakiri kwamba yeye pia hupatwa na hali hiyo. Wakaenda wote kwa Mtume (S.A.W.). Jibu lake, katika hadithi iliyopokewa na Muslim, ni kwamba lau wangedumu katika hali ile malaika wangepeana nao mikono vitandani na njiani, lakini kuna saa ya hivi na saa ya vile. Kucheza na mdogo wako nako kuna saa yake. Saa hiyo cheza naye kweli.

ZOEZI LA JUMA MOJA

Chagua swala moja tu, tuseme Magharibi, usichague zote tano. Kwa siku saba tawadha bila kuzungumza, acha simu mbali, na usome sura ambayo umejifunza maana yake. Ukimaliza, kabla ya kuinuka, jiulize moyo ulitoka mara ngapi na ulikwenda wapi. Andika katika daftari: mpira, ugomvi na dada, mtihani, njaa. Usijilaumu, andika tu. Siku ya saba lisome daftari lako. Utaona kwamba moyo una njia zake mbili tatu unazopenda kutorokea, na ukishazijua utaweza kuzifunga moja moja: mwenye njaa ale kabla, mwenye ugomvi apatane na dada yake kabla ya adhana. Mlete madaftari yenu darasani Jumamosi inayofuata. Walimu hatutayasahihisha kwa kalamu nyekundu, na sisi tutakuja na yetu.

Wabillahi tawfiq.